Nukuu Iliyobaki Wazi

"Sisaini," nikamwambia kwa mara ya tatu. "Na usinipungie hiyo kalamu usoni kama unafukuza nzi."

"Mama, ni fomu tu. Nahamia jiografia, sihami nyumba."

"Miaka yote unasifiwa fasihi, leo umepata kumi na moja kati ya thelathini, basi unatimua mbio?"

"Sitimui mbio. Sijui kuandika insha. Mwalimu mwenyewe kasema."

Nilikuwa nimetoka zamu ya asubuhi, hata sare ya uuguzi sijavua, miguu imevimba. Nikavuta kiti cha jikoni, nikamnyang'anya ile insha. Ilikuwa uhakiki wa riwaya wanayoisoma darasani, habari za fundi saa anayeugua na kumwachia binti yake kibanda chake. Mwanangu alikuwa amenukuu mara sita, na kila nukuu imesimama peke yake katikati ya ukurasa. Imeingia bila hodi, imetoka bila kwaheri. Pembeni, kwa wino mwekundu, mwalimu ameuliza lilelile mara sita: Nani anasema? Kwa nini hapa?

"Hiki ndicho kinachokushinda?" nikamuuliza. "Mbona mimi nakifanya kila siku wodini."

"Mnaandika insha wodini?"

"Tunaandika ripoti. Mgonjwa akiniambia kifua kinambana, siwezi kuandika 'kifua kinanibana' halafu nikaenda zangu kunywa chai. Naandika kwamba saa nne, baada ya kupanda ngazi, mgonjwa wa kitanda cha saba amelalamika, 'Kifua kinanibana.' Nimempima presha, iko juu, nimemwita daktari. Anayeingia zamu akisoma, anajua nani kasema, lini, na maneno yenyewe yamenifanya nifanye nini. Na siandiki kila alichosema, na ugomvi wake na mashemeji. Nachukua yale yanayonihusu."

Akacheka kidogo. Nikaona mlango umefunguka, nikaingia.

"Haya, ya kwanza. 'Saa ya mlangoni iache itembee.' Nani anasema?"

"Fundi. Anamwambia binti yake, siku anayopelekwa hospitali."

"Andika hivyohivyo ulivyosema."

Akaandika, huku anajisomea kwa sauti: "Siku anayopelekwa hospitali, fundi anamwagiza binti yake kwamba saa ya mlangoni 'iache itembee'..."

"Ukishasema 'kwamba', hiyo 'iache' inagongana nayo. Chukua neno moja tu la fundi."

Akafuta. "Anamwagiza binti yake aiache saa ya mlangoni 'itembee'."

"Umeona? Sasa hayo yanaonyesha nini?"

Kalamu ikasimama. Nikapitisha macho kwenye nukuu zile nyingine tano, na ndipo nikaona nilichopaswa kukiona tangu mwanzo. Zote ni maneno ya fundi, na zote ni za siku zake za mwisho.

"Si kwamba sijui, Mama," akasema taratibu. "Nikifika hapo pa kueleza, namwona Baba."

Baba yake alifariki mwaka juzi, chumba cha mbele, nikimuuguza mwenyewe. Nikainuka, nikashusha kutoka juu ya kabati daftari gumu nililokuwa nikiandikia hali yake. Nilitaka aone kwamba kazi humalizwa hata moyo ukiuma.

Tukalifungua pamoja. Joto, dawa, alichokula, alichosema, nilichofanya. Kila siku imekamilika. Tukafika ukurasa wa mwisho.

Saa kumi jioni. Mgonjwa anasema, "Mlango uachwe wazi, nimsikie Bosi akirudi."

Bosi ni huyu mwanangu. Ndivyo baba yake alivyokuwa akimwita. Chini ya hapo hapakuwa na kitu. Ningeapa kwamba nilimaliza.

Akaweka kidole kwenye ule weupe. "Hapa hujaandika ulifanya nini."

"Zamu iliisha."

"Mama. Ulikuwa nyumbani."

Hakuondoa kidole. Kisha akauliza, "Alinisikia?"

"Alisikia geti. Alisikia mpaka ulivyorusha viatu. Akasema, 'Huyo.' Akalala, hakuamka tena."

Mwanangu hakuwahi kujua hayo. Sikuwahi kumwambia, nami ndiye ninayehubiri ripoti.

Nikachukua kalamu mkononi mwake, nikaandika pale chini: Mlango uliachwa wazi. Mgonjwa alimsikia mtoto wake akirudi, akatulia bila dawa. Nikaweka tarehe ya leo, saa, na nikasaini kama inavyotakiwa.

"Zamu yako," nikamwambia, nikamrudishia kalamu.

Akajifuta uso kwa kiganja. Akaivuta ile fomu ya jiografia, akaigeuza upande wa nyuma usio na maandishi, akaandika: Agizo hilo linaonyesha kwamba fundi haogopi kufa; anaogopa binti yake asije akarudi kwenye nyumba iliyonyamaza.

Akaisoma mara moja, akahamia nukuu ya pili bila kuniuliza.