Maji ya Anotida

Foleni ya kisima cha pampu ilipangwa kwa matofali. Tangu mabomba ya mtaa wa Rukudzo yakauke, kila mwanamke aliweka tofali lake alfajiri, akarudi nyumbani kufagia, kusonga ugali wa sadza na kugombana na mume, kwa wale ambao mume alikuwepo, kisha akaja na ndoo zamu ikikaribia. Sekesai aliweka lake mapema, akamfunga Anotida mgongoni, akaenda zahanati.

Mtoto alikuwa na miezi tisa na alikuwa akiharisha siku ya tatu. Utosi wake ulikuwa umebonyea. Kwa watu wa kwao huo ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe: utosi ukianguka, tumbo hufunguka, na wa kuurudisha ni baba mtu. Baba mtu alikuwa Johannesburg akipaka rangi nyumba za wenzake, simu imezimwa tangu Pasaka. Basi mama mkwe akaja, akamsukuma mtoto kaakaa kwa kidole chenye dawa, akaagiza asipewe maji.

"Unajaza maji kwenye gunia, mkwe wangu? Si yanatoka tu?"

Sekesai alitii. Asiye na mtu habishani na yule mmoja aliyekubali kuja kuketi naye.

Huko zahanati muuguzi aliifinya ngozi ya tumbo la Anotida. Ikabaki imesimama kama kunjo la kitambaa.

"Mara ya mwisho amekojoa lini?"

"Jana asubuhi, sista. Ni utosi. Baba yake hayupo."

"Utosi hauna ugonjwa, dada. Umebonyea kwa sababu mwili umeishiwa maji. Mlimnyima?"

Sekesai alitazama sakafu.

Muuguzi akampa pakiti za chumvi na sukari ya mtoto anayeharisha. Lita moja ya maji safi, yaliyochemshwa, kijiko kwa kijiko, bila kuchoka.

"Nichanganyie hapahapa, sista, aanze kunywa."

"Hapa hatuna maji tangu Jumatatu. Mimi mwenyewe nanawa kwa spiriti." Akapunguza sauti. "Kachote kisimani. Sikiamini kile kisima, lakini ndicho kilichopo. Chemsha sana. Akishindwa kunywa, mrudishe."

"Nikimrudisha mtampa nini?"

Muuguzi akamwita mgonjwa mwingine.

Sekesai alipitia nyumbani kuchukua ndoo, akafika kisimani mbiombio. Tofali lake lilikuwa limetupwa majanini.

"Usinune, Mama Anotida," alisema Mama Tinevimbo, jirani ambaye hakupitisha siku bila kuja kwake kuomba chumvi. "Watu wanaogopa tu. Mwaka ule wa kipindupindu hatujausahau."

"Si kipindupindu."

"Ndivyo tulivyosema na mwaka ule."

Gwatidzo, mwenye ufunguo wa pampu, alikuwa ameketi kwenye kiti chake cha plastiki, kofia ya kamati kichwani. "Kamati imeamua. Wenye wagonjwa wa tumbo wachote mwisho. Na saa sita nafunga, sina ndugu wala shemeji."

"Kaka Gwatidzo, mwanangu hafiki saa sita."

"Basi mwombe mtu akugawie."

Sekesai alitazama foleni nzima. Kila mwanamke aliona kitu cha kuangalia ndani ya ndoo yake tupu. Mama Tinevimbo alifunga upya kitenge ambacho hakikuwa kimelegea. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Kwa hesabu hiyo Sekesai hakuwa na rafiki hata mmoja pale. Siku aliyomzika mama yake hakujisikia mpweke hivi, maana siku ile angalau walimkaribia.

Akamfungua mtoto mgongoni, akamvua nepi. Ilikuwa imelowa maji matupu ya kijani.

"Nitaifulia hapa," alisema. "Chini ya mdomo wa pampu."

Foleni ilivunjika. Kiti cha Gwatidzo kilianguka nyuma yake.

"We mwanamke una wazimu?"

"Ninao. Nipisheni."

Aliifunga nepi kwenye mfuko bila kuifua, akaitia kwenye kikapu cha nguo za mtoto. Akapampu kwa mkono mmoja, mtoto amemlaza begani. Mpini ule ulitaka watu wawili, lakini hakuna aliyesogea. Ndoo ilipofika nusu, mkono ulikataa, akaondoka na hiyo nusu.

Kabla hajafika njiani alisikia wanasugua. Mama Tinevimbo alikuwa akiusafisha mpini kwa majivu, na wengine wakimwagia maji, ndoo baada ya ndoo, mahali Sekesai alipokuwa amesimama. Nyuma yao maji ya choo kutoka bomba lililopasuka yalipita kando ya kisima kama yapitavyo kila siku, na watoto waliyaruka.

Nyumbani aliyachemsha maji, akayapoza, akachanganya na pakiti. Kijiko cha kwanza kilitiririka kidevuni. Cha pili pia. Cha nne koo la Anotida lilicheza, maji yakashuka, na mtoto akafungua mdomo tena.

Sekesai aligeuka amwambie mtu. Chumbani palikuwa na ndoo na kitanda. Akausogelea ukuta uliomtenganisha na Mama Tinevimbo, akaugonga kidogo kwa kijiko.

"Amemeza," alisema.

Upande wa pili redio iliongezwa sauti.