Jengo Lisilo na Ndani

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama mbele ya zahanati yetu kule Tabora, na zahanati haikuwa na ndani.

Sehemu moja ni kweli, niieleze kwanza. Ninaongoza shirika linalowakutanisha wafanyabiashara wakubwa wa dunia na kazi za hisani. Zahanati hiyo imejengwa kwa fedha za Bwana Ostermann, mwenye viwanda vya lifti. Imekamilika na imefungwa, kwa sababu hajapata nafasi ya kuja kuizindua. Kanuni inasema jengo halitumiki kabla mfadhili hajakata utepe. Kanuni hiyo niliiandika mimi.

Katika ndoto nachungulia dirishani. Naona nyasi za upande wa pili.

"Ndani itakuwepo baada ya uzinduzi," unasema utepe uliofungwa mlangoni. Una sauti ya mshereheshaji aliyechoka.

Nyuma yangu mwanamke nisiyemjua ameshika kwa mikono miwili nguzo ya turubai lililofungwa kwa ajili ya sherehe. Uchungu umemshika. Muuguzi wetu, Nyamizi, anamsugua mgongo, anamwita Kalunde, na kunitazama mimi.

"Mkurugenzi, mtoto hasomi ratiba."

"Naelewa."

"Unaelewa huku umesimama."

Nauomba utepe unipishe.

"Wewe ni nani kwenye ratiba?"

"Mkurugenzi."

"Mkurugenzi anashika sinia la mkasi. Hakati."

Nageuka nimfuate mgeni rasmi. Turubai limekuwa lifti. Inapanda bila jengo, na mlango wake unafunguka kwenye ukumbi wa baridi ambamo matajiri wameketi duara, kila mmoja akimnyooshea kidole aliye kulia kwake.

"Nitatoa akitoa yeye," anasema mmoja. Wa pili anasema hivyo hivyo. Maneno yanazunguka mpaka yanarudi yalikoanzia, na hakuna anayeona ajabu. Hata mimi sioni. Ndivyo mikutano yetu ilivyo.

Bwana Ostermann amesimama ukutani, mpigapicha akimnyoosha tai.

"Bwana Ostermann, kuna mama anajifungulia nje ya zahanati yako."

"Nje? Lakini nimeshaizindua." Ananionyesha picha: yeye, mkasi, watoto wakipiga makofi. "Tazama. Nilifurahi sana siku hiyo."

"Hujafika, bwana."

"Lakini nimetoka vizuri."

Mpigapicha anafunga begi lake. "Akienda tena, mkurugenzi, tutakuwa na picha mbili zinazopingana. Utachapisha ipi?"

Nashuka kwa ngazi, na ngazi zinaishia kwenye vumbi la zahanati. Kalunde amepiga magoti. Halii tena, na Nyamizi haupendi ukimya huo.

Nachukua mkasi kwenye sinia. Unagoma kufunguka.

"Mimi ni wa mgeni rasmi," unasema.

"Na ukinikata," unaongeza utepe, "Bwana Ostermann ataudhika, na zahanati nne alizoahidi hazitajengwa. Ulilisema hilo mwenyewe kwenye kikao."

Ni kweli, nililisema. Nainama, nauma utepe. Una ladha ya nailoni na gundi. Natafuna.

"Huku ni kuvunja itifaki," unasema, kisha unakatika.

Ndani ikaja: kwanza harufu ya rangi, halafu kitanda, halafu taa juu ya kitanda. Nyamizi akampitisha Kalunde mlangoni. Hakunishukuru.

Niliamka kumepambazuka, taya zinauma. Kwenye simu palikuwa na ujumbe wa Nyamizi, ambaye kwa kawaida haniandikii.

"Shikamoo mkurugenzi. Mama mmoja wa hapa, Kalunde, amejifungua alfajiri kwenye zahanati mpya. Mtoto wa kike, wote wazima. Utatusamehe kwa kuingia, tulikuta utepe umeshakatika. Mlinzi anasema ni panya. Mimi naona meno ya mtu. Bwana Ostermann tumwambieje?"

Nilijibu kwamba mlinzi anajua kazi yake. Kisha nikaenda kupiga mswaki.