Na Wengine Wote Wanaonifahamu

Redio ya mdogo wangu imo ndani ya kabati langu la nguo, lililowekwa sebuleni kwa kukosa nafasi chumbani. Sitanii. Ukifungua mlango wa kulia utakuta makoti yangu ya baridi, magauni yangu ya kwendea harusini, na katikati yake kiti cha plastiki, kipaza sauti kilichovishwa soksi, na kompyuta iliyokaa juu ya boksi la viatu. Eti nguo zinameza mwangwi. Mimi najua zinameza jasho lake, maana kila Jumatatu nikivaa koti langu kwenda kazini, nanuka mtangazaji.

Redio yenyewe ameipa jina refu la kifahari, lakini watu wetu wote huku ughaibuni wanaiita Redio Kabatini, na jina hilo nimelianzisha mimi. Kazi ninayolipwa ni kukunja mashuka kwenye chumba cha kufulia cha hoteli. Yeye anapakia maboksi ghalani. Ila ikifika Jumapili alasiri anaoga, anajipulizia manukato, sijui anamnukia nani humo ndani, anajifungia kabatini, na kwa saa nzima huyu kitinda mimba wetu anakuwa mtu mkubwa.

Kipindi ni cha salamu. Madereva, wasusi, walezi wa wazee, wote wanamrekodia salamu zao kwenye simu wiki nzima, naye Jumapili anazirusha, nyingine anazisoma mwenyewe. Kule nyumbani watu wanafungua kwenye simu zao na kutulia tuli, kila mmoja akisubiri kutajwa. Msicheke. Kwetu salamu za redioni si mchezo. Unataja watu kwa mpangilio, na pumzi ikikuishia unafunga kwa kusema, "na wengine wote wanaonifahamu." Hilo ni gunia la kutupia wale uliowasahau: binamu wa mbali, mtu mliyekaa naye dawati moja, fundi aliyewahi kukuzibia pancha. Mtu anayejiheshimu hataki kujikuta humo.

Sasa baba yetu alikuwa na kinyongo chake cha siku nyingi. "Unasalimia baba za watu tu," alikuwa akimwambia mdogo wangu kila akipiga simu. "Mimi baba yako lini?" Na kweli, mtangazaji mwenyewe alikuwa hajawahi kutuma salamu zake. Kwa hiyo akaahidi: Jumapili ijayo, dakika za mwisho za kipindi ni zake.

Jamani, baba akajiandaa utadhani anaoa. Mama alinisimulia yote. Aliazima spika, akapanga viti uani, akavaa shati jeupe na koti lake la shughuli, akaita mtaa mzima. Hata jirani wa uzio, ambaye hasalimiani na baba tangu uzio wake uanze kuhamia kwetu kidogo kidogo kana kwamba una miguu, alisogeza kiti upande wake asikilize kwa kuibia.

Mdogo wangu akaanza. Akamtaja mama. Akanitaja mimi na mume wangu. Akataja mashangazi, wajomba, muuza duka, mwalimu wake wa darasa la kwanza. Akamtaja mpaka jirani wa uzio, kwa ubini na kwa sifa! Nipo sebuleni nasikiliza, najiambia huyu leo amekunywa nini? Halafu nikamsikia ameharakisha, sauti imepanda, "…na wengine wote wanaonifahamu," na muziki ukaingia.

Akatoka kabatini macho yamemtoka pima.

"Dada," akasema, "sijamtaja baba."

"Unasema?"

"Nilimweka mwisho. Kwa heshima. Nikaona muda unaisha, mdomo ukafunga kipindi wenyewe."

Kompyuta yake ameitega: saa ikitimia muziki unaingia wenyewe, umemaliza hujamaliza. Na yeye mwaka mzima amefunga salamu za watu kwa maneno yaleyale, basi ulimi ulipobanwa ukakimbilia njia uliyoizoea. Nilimtukana, nikamcheka, nikamtukana tena. Nikamwambia mpigie sasa hivi.

Akapiga. Akapokea mama, anaongea kwa kunong'ona. Baba alikuwa amesimama mbele ya wageni wake wote, akabeba kiti chake mwenyewe, akaingia ndani. Hakuaga mtu.

"Mpe simu, mama. Mwambie shikamoo yake," mdogo wangu akasema.

Tukasikia mama akiifikisha shikamoo. Halafu tukasikia sauti ya baba kutoka chumbani, nzito, kavu: "Mwambie wengine wote wameshalala."

Hiyo ndiyo ikawa kauli yake. Mdogo wangu akipiga, wengine wote wako bafuni. Akipiga tena, wengine wote wamekwenda msibani. Mwanzoni, nisiwe mnafiki, ilinichekesha. Nikijua baba yangu, kununa atanuna, kisha atachoka. Lakini kila simu mdogo wangu alituma shikamoo yake kupitia kwa mama, na kila simu ile shikamoo ilibaki ikining'inia, haina marahaba. Mtu umelelewa na baba tangu hujui kutembea, unamwamkia, haitiki. Mdogo wangu akaanza kukonda. Kwenye kipindi akawa anasoma salamu za watu kama anasoma matangazo ya kukatika kwa maji.

Halafu koo la baba likaanza kukwaruza. Tukadhani ni mafua. Yakaenda, yakarudi, mwishowe mama akanipigia mimi peke yangu, na nikajua kwa jinsi alivyovuta pumzi. Kulikuwa na uvimbe kooni. Daktari amesema ukitolewa mapema baba atapona, ila utatoka pamoja na kisanduku cha sauti.

"Ataishi," mama akasema. "Ila hatasema tena."

Nilikuwa nimeshika shuka la watu, nikalikunja, nikalikunjua, nikalikunja tena, mpaka msimamizi akaniuliza kama ninaumwa.

Nilipomwambia mdogo wangu hakulia. Aliuliza kitu kimoja tu: "Upasuaji lini?" Ulikuwa Jumatatu inayofuata. Maana yake, kama baba hatamwitikia kabla ya hapo, basi hatamwitikia tena maisha yake yote, na neno la mwisho atakalokuwa amelisikia kutoka kwa baba yake ni lile la wengine wote.

Nikapiga moyo konde, nikampigia mzee mwenyewe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilikuwa imebaki nusu. "Hujambo? Mumeo hajambo?"

"Hatujambo. Baba, nina neno."

"Kama ni la yule wa redio, unamaliza bando lako bure."

"Baba, ni mtoto wako. Amekosa, ameomba radhi, mpaka lini?"

"Hakukosa. Alisema ukweli wake. Jirani wa uzio ana jina, mimi ni wengine wote."

"Baba, wewe unakwenda kupasuliwa koo!" Nikajikuta napiga kelele, mimi, kwa baba yangu. "Unataka uende na marahaba ya mtoto tumboni? Itakufaa nini huko?"

Nikamsikia akimeza mate kwa shida. Kisha akasema taratibu, "Umekuwa mkali kama mama yangu," akakata simu. Nililia pale pale kwenye ngazi za hoteli, wageni wakinipita na masanduku yao.

Ikabaki Jumapili, siku moja kabla ya upasuaji. Mdogo wangu hakuoga wala hakujipulizia chochote. Aliingia kabatini akauacha mlango wazi, akaiondoa ile mitambo yake ya muziki wa kujiingiza, akasema leo hakuna salamu za mtu mwingine, wenye hasira wahamie redio nyingine. Nikasimama pembeni nimeshika mlango.

"Baba," akasema, na sauti yake ya utangazaji haikuwepo, ilikuwa ile ya utotoni. "Wewe ndiye uliyetufundisha kwamba kwenye shughuli mgeni mkubwa anaingia mwisho, watu wakiwa wameshakaa. Nilitaka kwanza wakae wote. Mama akae, mashangazi wakae, hata jirani wa uzio akae, kisha nikuingize wewe. Muda ukaniishia ukiwa mlangoni. Nimekuacha mlangoni, baba, mbele za watu, na umevaa koti. Nisamehe. Shikamoo."

Akaitazama kompyuta, kana kwamba itaitika. Akasema tena, "Shikamoo, baba." Nikageukia ukutani.

Tulipompigia mama, maskini, hakujua aanzie wapi. Baba alisikia sauti ya mdogo wangu inaanza tu, akainuka, akazima spika, akachukua fimbo yake, akatoka nje. Hata yeye mama hakusikia kilichosemwa.

Mdogo wangu akasema, "Sawa." Akafunga kabati. Ningeweza kumpasua mzee huyo koo mimi mwenyewe siku ile, Mungu anisamehe, kwa hasira niliyokuwa nayo.

Kesho yake hakuna aliyekwenda kazini. Tulikaa sebuleni, simu mezani kati yetu, chai imepoa. Mume wangu alijitia kuchekesha, akaona nyuso zetu, akaenda kuosha vyombo. Simu ilipolia niliidaka kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Ametoka," mama akasema. "Salama. Amefumbua macho, amenishika mkono."

Tukashukuru. Tukakumbatiana. Kisha mdogo wangu akaketi chini sakafuni, akaegemea kabati, akasema, "Kwa hiyo ndiyo basi," na hapo ndipo alipolia. Mtu mzima, mpakia maboksi, alilia mpaka kamasi. Sikumwambia ajikaze. Ningejikazaje mimi?

"Mpo?" mama alikuwa bado hewani. "Sikilizeni. Kuna kitu nawatumia. Alijirekodi jana jioni. Akaniapisha nisitume mpaka atoke chumba cha upasuaji, mzima au maiti. Alisema nikituma kabla mtapiga simu mlie, naye atalia, na daktari amemkataza kuchosha koo."

Ikaingia. Nikaibonyeza.

Kwanza kikohozi. Halafu sauti ya baba, imekwaruza, lakini anatangaza, wallahi, anatangaza kama mtu aliyezaliwa na kipaza sauti mkononi!

"Hii ni Redio Uani. Salamu hizi nazituma mimi mwenyewe, nikiwa na akili timamu na koo bovu. Zimfikie binti yangu, mkali wa mashuka. Zimfikie mkwe wangu, mvumilivu, maana anaishi naye. Ziwafikie wale madereva na wasusi wote ambao kila Jumapili nawasikia wakisalimia baba zao. Salamu za pekee zimfikie jirani yangu wa uzio. Leo nilizima spika yangu kwa jeuri, nikatoka, nikazunguka mpaka kwake, nikamwambia nisikilizishe kwenye simu yako na ukimwambia mtu nauvunja uzio. Akanipa kiti. Tumesikiliza wote wawili, na yeye ndiye aliyeanza kulia."

Kikohozi tena, kirefu.

"Na wengine wote wanaonifahamu."

Kimya. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Nami damu ikanipanda, nikasema potelea mbali, nikanyoosha mkono niizime ile simu.

"Usizime," baba akasema. "Wewe dada mtu, nakujua, una haraka. Usizime. Watu wameshakaa. Sasa anaingia mgeni mkubwa."

Mdogo wangu akainua uso.

"Mwanangu wa mwisho. Mtangazaji wa kabatini. Shikamoo zako zote ulizonitumia kwa mama yako nilizisikia, hata moja haikupotea. Nilikuwa nazipokea moyoni, mdomo ndio ulionikatalia. Kiburi, mwanangu. Umekirithi, kitupe. Sasa kesho wananitoa sauti. Utakuwa unapiga simu, utaniamkia, na mimi nitakuwa nakutumbulia macho tu. Kwa hiyo nakuachia za akiba. Uziweke huko kwenye mitambo yako. Marahaba." Akavuta pumzi. "Marahaba, mwanangu. Marahaba. Marahaba, baba."

Alisema nyingi. Nyingine kwa nguvu, nyingine kwa kucheka, moja ilikatwa na kikohozi akairudia vizuri. Kisha tukamsikia akimwambia mama, "Hiki kinazimwaje?"

Mdogo wangu alikuwa ameufungua mlango wa kabati, ameshika mkono wa koti langu, ameukamata kama mtoto aliyeshika nguo ya mama yake sokoni. Mume wangu amesimama mlangoni mwa jikoni, sahani inamchuruzikia maji miguuni. Nikajifuta uso, nikairudisha ile rekodi nyuma, pale anapoanza kuvuta pumzi, nikaisimamisha.

"Mwamkie," nikamwambia.

Akakohoa kidogo, akakaa vizuri.

"Shikamoo, baba."

Nikabonyeza.