Fundo la Masikio Mawili

Mwalimu Aristides wa Ihembe alijulikana kwa kusema kweli, na hilo ndilo lililomponza. Mtu akisifiwa ukweli kila Jumapili, iko siku atadhani uongo wake yeye hauhesabiwi. Watoto wa mafundisho aliwafundisha amri zote kumi, na ile ya nane, inayokataza uongo, aliifundisha kwa fimbo.

Mwaka wa hamsini na mbili Padri Egbert alimpa kamera ya sanduku na filamu nne, moja kwa kila msimu: masika, kiangazi, vuli, na kile kiangazi kifupi cha Januari. Padri alitaka picha za viumbe wa kibanja, yaani wa shamba la migomba lililozunguka nyumba. Kila filamu picha nane, basi. Akamwonya jambo moja tu, kwamba apige kilichopo, kama kilivyo.

Kinyonga hakumpa taabu. Huyo hata ukienda kula ukarudi, utamkuta palepale. Aliyemtesa ni kile kindege cheusi na cheupe kinachotikisa mkia uani mchana kutwa. Na ndiye hasa aliyemtaka, kwa kuwa alikuwa amemwahidi mkewe picha yake.

Mkewe huyo, Felicitas, alitoka katika ukoo ambao ndege huyo ni mwiko wao. Hawamuui, hawamfukuzi, na akifa humzika ndani ya kipande cha lubugo, kile kitambaa cha gome la mti, kama mtu wa nyumbani. Asubuhi Felicitas akifagia uwanja, ndege alimfuata nyuma ya ufagio akidonoa wadudu, naye akimuuliza kwa Kinyambo ameamkaje. Lakini kamera ile haikupenda chenye haraka. Picha ya masika ilitoka ukungu. Ya kiangazi ikatoka ukungu wenye mkia. Ya vuli ilionyesha uwanja na ufagio, ndege hayumo. Majirani walicheka wee, wakamwuliza mwalimu kama siku hizi anapiga picha za mafagio.

Kicheko kile kilimkaa rohoni. Januari, Felicitas alipokwenda Rugera kumwona mama yake, Aristides akatega, akamnasa ndege, akamfunga mguu kwa uzi wa mgomba kwenye kijiti alichokichomeka uani. Akafunga fundo lake lilelile la kufungia mizigo ya maharage, lenye masikio mawili. Kwa kuwa alitumia mkono wa shoto, sikio moja lilikuwa refu kuliko jingine siku zote, na nyumba nzima ililijua.

Alijiambia atamfungua baada ya picha ya pili. Halafu baada ya ya tatu. Alipofika ya nane ndege alikuwa amelala ubavu, mdomo wazi, jua linampiga. Aristides alimnyunyizia maji. Hakuamka.

Jamani, aibu ile! Mwalimu wa dini akachimba kishimo kwa jembe chini ya mgomba, akamfukia ndege bila lubugo wala neno, akatazama nyuma kama mwizi wa ndizi. Mkewe aliporudi akamwambia kipanga amemchukua.

Felicitas alilia kimyakimya. Kisha akachana kipande cha lubugo, akasema kipanga hali manyoya, kwa hiyo watafute hata unyoya mmoja wauzike. Wakatafuta wote wawili, mgomba kwa mgomba, tangu asubuhi hadi jua la utosi. Aristides aliinama, akapekua majani makavu, na kila walipoukaribia ule mgomba alimvuta mkewe upande mwingine. Mwishowe Felicitas alimshukuru kwa kumsaidia. Hapo Aristides alitamani ardhi ipasuke immeze.

Picha zikaja kutoka Bukoba, ndogo, za kuenea kiganjani. Ndege alionekana vizuri, na uzi haukuonekana. Aristides akashusha pumzi, kisha akajichukia kwa kushusha pumzi. Felicitas aliibusu ile picha.

Njia ya mwongo fupi, bwana. Padri Egbert aliipenda picha ile kupita zote, akaagiza ikuzwe iwe kubwa kama kibao cha kuandikia, ikatiwa fremu na kioo. Jumatatu ya Pasaka aliileta mwenyewe, mbele ya majirani na wakwe waliotoka Rugera. Akasema hajapata kuona mtu mwenye subira kama mwalimu huyu, akampa Felicitas aishike.

Felicitas alicheka. Akaitazama. Akaisogeza kwenye mwanga wa mlango, na kicheko kikakatika. Kidole chake kilishuka polepole juu ya kioo, kutoka kwenye mkia hadi mguuni, kutoka mguuni hadi kwenye kijiti, kikatulia.

"Baba Yustus," alimwambia mumewe taratibu, "kipanga huyu alijifunzia wapi fundo lako?"

Hakuna aliyeelewa, isipokuwa mmoja. Macho ya Aristides yalikimbilia nje, kwenye ule mgomba.

Felicitas hakugomba wala hakurudi kwao. Alichukua lubugo lake, akamtaka amwonyeshe mgomba, akafukua, akazika upya. Kisha akaitundika picha ukutani, mkabala na mlango, pale mgeni anapokaa akikaribishwa kahawa ya kutafuna.

Na kila mgeni, akishatia punje mdomoni, huisifu. Huuliza mwalimu alifanyaje hadi ndege yule mwenye haraka akatulia vile. Felicitas hainui macho kwenye ukili anaosuka.

"Mwulize mwenyewe," husema. "Mwalimu hasemi uongo."

Naye Aristides husimulia, tangu mwanzo, hadi kwenye fundo.