Kiputo Ndani ya Mpira wa Maji

Usiku wa kuamkia leo niliota wafadhili wamefika mapema, nami bado niko na kanga moja na mswaki mdomoni.

Nieleze kidogo. Kwa miaka mingi nimebeba zege kichwani kwenye majengo ya watu hapa Morogoro, jina langu likiwa “wewe mama wa ndoo”. Kisha yakaja mafunzo ya uashi kwa wanawake, nikashika mwiko. Sasa fedha za kuendeshea darasa zimefika ukingoni, na leo asubuhi wafadhili wanakuja kuutazama ukuta wetu. Wakiridhika, tunaendelea mpaka mtihani wa ufundi. Wasiporidhika, narudi kwenye ndoo, na ndoo yenyewe nimeshampa jirani, bata wake anaatamia humo.

Basi ndotoni wafadhili wamekuja na winchi. Mkubwa wao ni koti la suti lisilo na mtu ndani. Lina adabu sana.

“Shikamoo,” naliambia.

“Marahaba, mama. Tumekuja kuwainua wanawake.”

“Karibuni. Mnaanzia wapi?”

“Kiunoni,” linasema koti, na ndoano inashuka.

Mara niko juu ya mabati. Pembeni yangu ananing’inia Zamoyoni, mwenzangu wa darasa, anajisuka nywele bila wasiwasi.

“Shoga,” namwambia, “mbona sisi tuko huku na kazi iko chini?”

“Nyamaza wewe, tunainuliwa.”

“Mpaka lini?”

Koti linajibu kutoka chini, linakunja mkono wake mtupu kutazama saa. “Mtashushwa ukuta ukiwa sawasawa. Ndiyo masharti.”

Nautazama ukuta. Tofali la mwisho wa mstari wa juu linateleza polepole, kama mtoto anayesinzia kwenye benchi la kanisa. Moyo wangu nao unateleza.

Kati yangu na Zamoyoni linaning’inia timazi, lile la kupimia wima, limetulia kwenye kamba yake.

“Usirusherushe miguu,” linanishauri. “Kuning’inia ni kazi kama kazi nyingine. Unazoea.”

“Ukuta wetu una kasoro gani?”

“Kwa kusimama, hauna neno. Kwa kulala, kayaulize maji. Mimi najua kwenda chini tu.”

Kabla sijashukuru, niko ndani ya mpira wa maji. Ule mrefu, unaoonyesha ndani: mmoja anashika ncha huku, mwenzake ncha kule, maji yakitulia mnapiga alama kila upande, na mstari wa matofali unapata usawa wake. Humo ndani kuna ubaridi na mwanga wa kijani. Katikati ya njia kiputo cha hewa kimekaa kwenye kigoda.

“Wewe nani?” nauliza.

“Kicheko chako cha jana.”

Hapo nakumbuka. Jana nilikuwa nimeweka mpira mdomoni, navuta maji yaingie, na Zamoyoni akaninong’oneza nimtazame mwalimu wetu, Fundi Mkude. Alikuwa ameingiza miguu yote miwili kwenye mguu mmoja wa ovaroli, na bado anatuhutubia juu ya usalama kazini. Nilicheka mpira ukiwa mdomoni.

“Ndipo nikaingia,” kinasema kiputo. “Maji hayanipiti. Alama mliyopiga nguzo ya kushoto iko chini, vidole viwili.”

“Toka basi, baba. Wageni wamefika.”

“Natoka vipi? Mpira haushikwi na mtu mmoja. Tafuta wa kushika ncha ya pili.”

Natoa kichwa nje ya mpira. “Zamoyoni!”

“Mikono iko kwenye nywele, shoga!”

“Ndugu koti, nisaidie kushika.”

“Samahani sana,” linasema koti. “Sisi tunafadhili. Hatushiki.”

Timazi halina mikono. Tofali linazidi kuteleza, nusu yake imeshatoka nje. Namwona bata wa jirani anatembea chini yake, amevaa ndoo yangu kichwani. Ananisubiri.

Ndipo anakuja Baba Tatu, mume wangu. Sikumwita. Huyu ni fundi wa baiskeli, kazi yake kuziba pancha, na tangu nijiunge na darasa wimbo wake ni mmoja: fundi mwanamke, ukuta wake wa uji. Anakuja na karai lake la maji, anatembea hewani kama anakwenda gengeni.

“Mama Tatu, hicho kiputo ni chako?”

“Changu.”

“Mimi kutwa nazamisha tyubu kwenye karai kuvitafuta, wewe unavifuga?”

“Utashika au utasema?”

Anashika. Anaziba ncha ya mpira kwa kidole gumba.

“Inua upande wako,” anasema. “Gongagonga kwa kidole. Usikifokee, kitaogopa.”

Nagonga. Kiputo kinasimama, kinakunja kigoda chake, kinapanda taratibu mpaka mdomo wa mpira. “Haya, kwaherini,” kinasema, kisha kinapasuka, na saiti nzima inasikia nilivyocheka jana. Hata koti linatikisika mabega.

“Shusha!” anapaza Baba Tatu.

Nashusha.

“Pandisha kidogo! Mwanamke, kidogo nimesema! Hapo. Hapo hapo!”

Tofali linajirudisha mahali pake. Winchi inaanza kushuka. Kidole changu cha mguu kinakaribia kugusa ardhi.

Nikaamka.

Kulikuwa kunapambazuka. Baba Tatu alilala amegeukia ukuta, anakoroma, mkono mmoja umetokeza nje ya chandarua. Nikajicheka mwenyewe, nikainuka kutafuta kanga. Nikakanyaga maji.

Yalikuwa yanadondoka, tone kwa tone, kutoka kwenye kidole chake gumba. Vidole vingine vilikuwa vikavu. Hicho kimoja kililowa na kujikunja ngozi, kama cha mtu aliyeshinda kisimani.

Nilimtikisa bega. “Baba Tatu, amka. Nisindikize saiti kabla wageni hawajafika. Kuna alama ya kupima upya.”

Nikangoja wimbo wa uji.

Hakufumbua hata macho.

“Nguzo ya kushoto,” alisema. “Nitafutie viatu.”