Vibao Vipya vya Deo

Sanduku la vitu vya marehemu Deogratias lilifika Nyandira wakati wa masika, yeye mwenyewe akiwa ameshazikwa na udongo wa kaburi umeanza kukaa. Dada yake Winfrida, anayesoma chuo cha Mzumbe, ndiye aliyelipokea mjini Morogoro akapanda nalo milimani. Alilitua mlangoni, akamwamkia mama yake shikamoo, kisha wote wawili wakakaa wakiliangalia.

Deo alikuwa kifungua mimba. Marafiki wa parokia walimsaidia kwenda Austria kujifunza kazi ya hoteli, na huko akapangiwa mji mdogo wa milimani ambao wageni huujaza majira ya baridi, wakija kuteleza juu ya theluji. Watu wa kwao walicheka waliposikia. Mtu anatoka kwenye baridi ya milima ya Mgeta anakwenda kutafuta baridi nyingine! Lakini yeye aliipenda. Siku zake za mapumziko alijifunza kuteleza, akawa anatuma video. Mama yake, Eufrazia, alikuwa akiwaonyesha wanawake wenzake sokoni, karoti zikiwa bado hazijapangwa.

Ujumbe wake wa mwisho ulikuwa wa sauti. "Shikamoo mama. Leo najaribu vibao vipya. Ni vifupi, kila mguu na kibao chake, vinageuka haraka sana. Huku njia imesawazishwa na mashine, vinakwenda vizuri ajabu, laiti ungeona! Sasa tunahamia upande wa kivulini, kule ni barafu tupu. Nataka nione kama vitashika. Nitakupigia jioni."

Havikushika. Mwenzake aliyekuwa naye alieleza kwa simu kwamba Deo aliserereka mteremko wote wa barafu, akatoka nje ya njia na kugonga miti.

"Ni kufumba na kufumbua," Alois, baba yake, aliwaambia waombolezaji. "Mwanangu hakujua kitu. Alikuwa anacheka, mara yuko kwa Mungu." Aliwaambia waliokuja kwanza, akawaambia waliokuja mwisho. Maneno hayo ndiyo yaliyomwezesha kumeza chakula. Eufrazia aliyasikia, akaitikia kwa kichwa, lakini hayakumwingia. Kila alipokuwa peke yake shambani alijiuliza swali lilelile: mteremko wote ule, alikuwa anawaza nini?

Walipofungua sanduku walikuta nguo, rozari, viatu vikubwa vya plastiki ngumu, na chini kabisa vile vibao. Vilikuwa vyekundu, urefu wake kama mkono wa mtu mzima, vimekunjwa juu mbele na nyuma. Ukingoni vilikuwa na bati kali kama kisu.

"Mama, nivirudishe mjini?" Winfrida aliuliza. "Tumpe mtu yeyote."

"Viache hapo."

Siku iliyofuata Eufrazia alichukua mundu akaenda kwenye shamba la ukoo wake, kipande chenye mwinuko mkali walichokuwa wamekipumzisha. Alifyeka nyasi toka juu hadi chini, akazilaza upande mmoja, akazikanyagakanyaga mpaka zikawa kama mkeka. Alois alidhani anataka kupanda njegere. Akafurahi, kwa sababu tangu msiba mkewe hakuwa ameshika kazi yoyote kwa moyo.

Aliporudi mchana kumpelekea maji alimkuta amekaa juu ya mteremko, anajaza matambara ndani ya viatu vya Deo ili vimkae.

"Mama Deo, unafanya nini?"

"Nataka nijue."

"Ujue nini?"

"Kilichompata."

Alois aliweka dumu chini. Alitaka kugomba, midomo ikamcheza, lakini sauti haikutoka. Winfrida alikuja mbio kutoka nyumbani, akamshika mama yake begani. "Mama, nakuomba. Watu watasema."

"Waseme."

Mara ya kwanza alianguka kabla hajasogea. Mara ya pili pia. Majirani waliokuwa wanapalilia kabichi upande wa pili wa bonde walisimama wakiegemea majembe. Hakuna aliyecheka. Mwanamke mtu mzima, kitenge amekifunga kiunoni juu ya suruali ya mwanawe, anainuka na kuanguka kwenye nyasi mbichi. Hilo halikuwa jambo la kuchekesha. Baadaye akajifunza kukunja magoti na kuinamia mbele kidogo, na vibao vikaanza kumtii. Mvua ya asubuhi ilikuwa imelainisha nyasi. Aliteleza kutoka juu mpaka kwenye matuta ya viazi, upepo ukimpiga usoni, na kilio alichokibana tangu siku ya simu ile kikamtoka kama kicheko.

Alicheka kweli. Aliposikia kicheko chake mwenyewe akaketi palepale akaweka viganja usoni. Alikuwa ameelewa kwa nini kijana wake alipenda kuteleza. Hilo halikumsaidia chochote. Laiti angegundua kuwa ni kitu kibaya tangu mwanzo, angepata cha kuchukia.

"Basi," Alois alisema. "Umeshaona. Twende nyumbani."

"Bado upande wa barafu."

Wote watatu walijua anasema wapi. Kando ya shamba kulikuwa na njia ya zamani ya kisimani, iliyoachwa kwa sababu ya utelezi. Ilikuwa udongo mwekundu mtupu, maji yanachuruzika juu yake, unang'aa kama chungu kilichopakwa mafuta. Chini yake kulikuwa na migomba.

"Mimi siziki watu wawili," Alois alisema, na sasa sauti ilitoka. "Umenisikia? Sitaki!" Mkewe alipoendelea kupanda, alimgeuzia mgongo. Aliangalia ukungu uliokuwa unashuka kutoka msituni, mikono ameikunja kifuani kama mtu mwenye homa.

Eufrazia alijiachia.

Haikuwa ghafla. Hilo ndilo alilolijua kwanza. Vibao vilianza polepole, kwa upole hasa, na alipotaka kuvikaza vishike, bati lile kali lilikwaruza udongo likapita tu. Alijaribu kugeuka, akazungushwa. Alijaribu kukaa chini, vibao vikamvuta miguu. Alinyoosha mkono akakamata mabua ya majani pembeni, yakang'oka na mizizi yake, akayaona mkononi mwake, akayaachia. Migomba aliiona toka mbali. Aliitazama inavyokuja, akapata nafasi ya kuchagua ni upi utakaompiga, na akaona hawezi kuukwepa. Ndipo alipojisikia anaita, kwa sauti ambayo hakuwa ameitumia tangu utotoni: "Mama! Mama!" Mama yake alikuwa amefariki zamani.

Mgomba ulivunjika, na mfupa wa bega lake ukavunjika pamoja nao.

Alois alishuka kwa makalio, Winfrida nyuma yake akilia. Alimwinua mkewe kichwa akakilaza mapajani. Matope yalikuwa yamemjaa mpaka kwenye kope.

"Uko hai? Mama Deo, uko hai?"

"Niko hai."

Alimfuta uso kwa kiganja. Kisha akainama karibu, na macho yake yalikuwa ya mtu anayeomba maji. "Ilikuwaje? Ni ghafla, eti? Si ni ghafla tu?"

Eufrazia alimwangalia. Aliona shavu lililoingia ndani, ndevu zilizoota nyeupe katika msimu mmoja. Winfrida alikuwa amesimama, naye anasubiri.

"Ni ghafla," alisema. "Nilikuwa juu, mara niko hapa. Sikujua kitu."

Alois alitoa pumzi ndefu, akafanya ishara ya msalaba. "Si nilisema," akarudia mara nyingi, machozi yakimdondokea mkewe shingoni. "Si nilisema mimi."

Walimbeba kwa machela ya miti hadi barabarani, gari likamfikisha hospitali. Mfupa uliunga, lakini mkono haukupanda tena juu ya bega. Alois alianza kula vizuri. Alirudi kuimba kwaya, akapanda njegere kwenye kile kipande kilichofyekwa, na watu wakawa wanasema afadhali, familia ile imeanza kutulia. Eufrazia alikuwa akiwasikiliza. Kila mtu alipotaja jina la Deo, yeye alimsikia kijana wake anaita mama kwenye barafu, njia nzima, na mama hayupo.

Likizo ilipofika Winfrida alirudi nyumbani. Alimkalisha mama yake kwenye kigoda nje ya jiko amsuke, maana hakuweza tena kufikisha mkono kichwani. Alisuka mstari baada ya mstari. Mwishowe akauliza, taratibu, baba yake asisikie:

"Mama, sasa una amani kidogo?"

Eufrazia alikivuta kichwa mbele kidogo.

"Usivute sana hapo," alisema. "Panauma."