Anwani Mbili za Mama

Nilimwambia bosi wa kitengo chetu cha ambulansi mara tatu: anwani ya mgonjwa ikae kwenye jedwali moja tu la hifadhidata ya kompyuta. Akang'aka kwamba kuunganisha majedwali kunachelewesha skrini ya dereva, tuinakili na kwenye jedwali la madereva. "Sekunde mbili zinaua!" Nikafyata mkia, nikainakili.

Leo asubuhi dada kapiga simu: mama kaanguka, anahema kwa shida. Nikakodolea macho skrini. Ambulansi iliyotumwa ilikuwa inakata kona kuelekea nyumba yake ya zamani. Mama alihama mwezi uliopita. Anwani mpya niliiingiza kwa mkono wangu kwenye jedwali la wagonjwa. La madereva nikalisahau.

Nikampigia dereva.

"Nimeshafika, kaka," akasema. "Nagonga mlango. Mbona ndani kimya?"